Kunguru yupi? Simu inapotudai jina kamili la ndege

KUNGURU ni ndege asiyehitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Mombasa, Malindi au Watamu. Ndiye anayevamia meza za hoteli, anayekokota takataka hadi paani na kunyakua vifaranga mchana kweupe. Mnamo Juni 2024 shirika la wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Habari hiyo ilipofika vijiweni ilifupishwa ikawa maneno mawili tu: kunguru wanauawa.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kunguru aliyekusudiwa ni yule wa Bara Hindi, Corvus splendens, mwenye shingo ya kijivu, aliyeingia Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa katika miaka ya 1940. Lakini pwani hiyo hiyo ina kunguru mwingine, mwenyeji, mwenye ukosi na kifua cheupe kama aliyevaa fulana juu ya kanzu nyeusi. Huyu ni Corvus albus. Hana hatia yoyote katika kesi hii. Kwa kweli yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliosukumwa kando na mgeni huyo. Ukipanda bara utakutana na kunguru mweusi tititi wa nyanda za juu, na mwingine wa mkia mfupi anayepaa juu ya majabali ya Bonde la Ufa. Wote hao, katika Kiswahili chetu cha kila siku, ni kunguru.

Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Mama akipaza sauti kwamba kunguru amebeba kifaranga, hakuna atakayemuuliza ni kunguru wa spishi gani. Sumu ikishaingia, mambo hubadilika. Anayetega chambo anahitaji kujua yupi yuko wapi, wangapi, na je, baada ya miezi sita wamepungua au wamehamia mtaa wa pili? Maswali hayo hujibiwa na rekodi, na siku hizi rekodi nyingi za ndege zinaingizwa na watu wa kawaida kupitia simu zao. Simu nayo haikubali neno kunguru hivi hivi. Inauliza: yupi?

Makala haya yanaeleza jinsi apu za kurekodi ndege zinavyofanya kazi, na kwa nini swali hilo la simu linakihusu Kiswahili. (Wengine husema programu-tumizi, na ni istilahi nzuri, ila mitaani neno lililoshika ni apu, nami nitalitumia bila kuomba radhi.)

Apu mbili ndizo zinazotumiwa zaidi na watazamaji wa ndege humu nchini. Ya kwanza ni eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa ushirikiano na shirika la Audubon. Ilianza kwa ajili ya Amerika, kisha mwaka 2010 ikafungua mlango kwa dunia nzima. Ya pili ni BirdLasser, iliyobuniwa Afrika Kusini, ambayo Wakenya wengi huitumia kupeleka rekodi katika mradi wa Kenya Bird Map, yaani ramani ya ndege wa Kenya. Mradi huo uko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wake, wakiwemo Nature Kenya, chama kikongwe cha wapenzi wa maumbile kilichoasisiwa mwaka 1909. Apu zote mbili hupakuliwa bila malipo na zote hufanya kazi pasipo intaneti. Unarekodi porini bila bando hata chembe, kisha unawasilisha ukifika penye mtandao.

Tuanze na eBird. Tuseme umeingia msitu wa Karura saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unabonyeza kitufe cha kuanza, na simu inaandika saa na kufuatilia njia unayopita. Ukimwona ndege unaandika jina lake, unalichagua kwenye orodha na kuweka idadi. Kama ni kundi kubwa usiloweza kulihesabu unaweka alama ya X, kumaanisha yupo ila idadi haijulikani, ingawa makadirio ya uaminifu huwa na faida kuliko X. Ukimaliza unasimamisha saa. Kwa hiyo simu imenasa majina, na pamoja nayo jasho lako: ulitembea kilomita ngapi, kwa dakika ngapi, mkiwa watu wangapi.

Kisha linakuja swali ambalo wanaoanza hulipita haraka wasijue uzito wake. Je, hii ni orodha kamili ya ndege wote uliowatambua? Ukijibu ndiyo, umesema mambo mawili kwa mpigo. Umesema uliowaona, na umesema kwamba wale ambao hawamo hukuwaona. Mwanasayansi anahitaji yote mawili. Mtu anayeandika tai na hondohondo peke yao kwa sababu ndio waliompendeza, akawaruka shomoro na njiwa kwa kuwaona wa bei rahisi, anapaswa kujibu hapana. Si dhambi. Orodha yake bado ina matumizi, ila haiwezi kutumiwa kupima nani amepungua.

BirdLasser kwa upande wake hufanya kazi kwa namna nyingine kidogo. Kila ukibonyeza jina la ndege, simu huhifadhi mahali na saa ya tukio hilo. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi nzima katika viraba vinavyoitwa pentadi. Kila pentadi ina dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, jambo ambalo hapa kwetu karibu na ikweta ni takribani kilomita tisa kwa tisa. Huhitaji kuijua hesabu hiyo, kwani simu inajua uko pentadi gani. Ili orodha yako ihesabike kuwa kamili, unatakiwa kutafuta ndege kwa bidii kwa muda usiopungua saa mbili, ukijaribu kufika kila aina ya mazingira yaliyomo: kichaka, mto, shamba, makazi. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuongeza spishi mpya hadi siku tano ziishe. Kila spishi huandikwa mara moja tu. Orodha ya chini ya saa mbili hupokelewa pia, ila huwekwa kapu lake.

Kwa nini viraba vidogo hivyo? Kenya iliwahi kuwa na atlasi ya ndege, kitabu cha Adrian Lewis na Derek Pomeroy kilichochapishwa mwaka 1989. Kilikuwa kazi kubwa, na hadi leo ndicho kipimo cha kulinganishia. Lakini miraba yake ilikuwa ya nusu digrii, kama kilomita hamsini na tano kila upande. Mraba mmoja wa namna hiyo ungeweza kumeza msitu, mji, mashamba na ufuo kwa pamoja. Ndani yake zinaingia pentadi thelathini na sita. Ukiambiwa ndege fulani yumo katika mraba ule mkubwa, bado hujui kama yumo msituni au pembeni ya dampo.

Orodha zikikusanyika katika pentadi moja, hesabu inayofuata ni ya darasa la tano. Zikiwa kumi, na dudumizi yumo katika nne, basi kiwango chake cha kuripotiwa ni asilimia arubaini. Baada ya miaka kadhaa, ikiwa orodha nyingine kumi zimefanywa vile vile na dudumizi yumo katika moja tu, kuna jambo limetokea. Labda kichaka kimefyekwa. Hakuna aliyemhesabu dudumizi mmoja mmoja. Wengi walisema tu kwamba wamemwona au hawakumwona, wakawa waaminifu. Ndiyo maana shomoro asirukwe. Ndege wa kawaida akianza kutoweka, wa kwanza kujua huwa ni orodha ya mtu aliyekuwa na subira ya kumwandika hata alipokuwa amejaa tele.

Ramani hizi zina kasoro yake, na ni vyema isemwe. Zinaonyesha mahali watazamaji walipo kama vile zinavyoonyesha mahali ndege walipo. Pentadi za Nairobi na viunga vyake, Naivasha, na ukanda wa Watamu zimetembelewa mara nyingi. Kaskazini mwa nchi zipo pentadi ambazo hazijaona orodha hata moja. Eneo tupu kwenye ramani halimaanishi kwamba hakuna ndege. Mara nyingi linamaanisha kwamba hakuna mwenye apu aliyepita. Watu wenyewe, na macho yao, wapo pale kila siku nyuma ya mifugo.

Sasa turudi kwenye jina, maana hilo ndilo lililonivuta kuandika.

Kenya ina takribani spishi 1,100 za ndege. Kiswahili kina majina mengi ya ndege kuliko wanavyodhani wanafunzi wetu, lakini majina hayo hayakugawanywa kwa usawa. Tazama ukoo wa njiwa. Tuna njiwa, hua, tetere, pugi, na ninga yule wa kijani ambaye ukimtafuta juu ya mkuyu unamsikia kabla ya kumwona. Tuna kanga, na tuna kororo wa msituni mwenye kishungi. Tuna mwewe, kipanga na furukombe. Nani aliyetoa majina haya? Wawindaji, wavuvi, wafugaji wa kuku na watoto wenye ulimbo. Waliwagawa ndege kwa haja: huyu analiwa, huyu anaiba, huyu anaashiria mvua.

Pale ambapo haja haikuwapo, jina moja lilitosha ukoo mzima. Nenda ufuoni Mida maji yakiwa yametoka. Mamia ya ndege wenye miguu mirefu wanadonoa tope. Wote ni kitwitwi. Lakini miongoni mwao kuna aliyezaliwa kwenye tundra ya Siberia akaruka maelfu ya kilomita kuja kula kwetu, na kuna wengine, kama yule mlaji kaa mweusi kwa mweupe, Dromas ardeola, ambao huchimba mashimo ya kutagia katika mchanga wa visiwa na fuo za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Safari zao ni mbalimbali na hatari zinazowakabili ni mbalimbali. Mbayuwayu naye? Neno hili huwabeba wale wenye mkia wa panda wanaokuja kutoka Ulaya, na pia wale weusi wadogo wanaojenga chini ya paa za majengo ya Nairobi, ambao kwa mwanasayansi si ndugu kabisa. Wanafanana kwa sababu wote huwinda wadudu angani.

Mfano unaoniuma zaidi ni tai. Wakenya wengi wa bara humwita tai ndege yeyote mkubwa mwenye mdomo uliopinda, awe anawinda au anakula mzoga. Kiswahili kina neno tumbusi kwa huyu wa pili, lakini limebaki katika kamusi na katika vinywa vya wachache. Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika, ambazo zote zinapatikana Kenya, ziliwekwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu kubwa ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hupaka dawa ya wadudu kwenye mzoga akikusudia simba au fisi, na tumbusi, ambao hula kwa makundi, huanguka kwa makumi. Mchungaji wa Narok akisema ameona tai saba kwenye mzoga, ameshuhudia jambo kubwa. Lakini kwa neno hilo ushahidi wake hauwezi kupokelewa ulivyo. Je, ni tumbusi saba wa mgongo mweupe? Ama ni tai halisi waliokuja kudowea? Kila jibu linapeleka hesabu upande tofauti.

Hapa eBird ina jambo la busara ambalo wanaisimu wangelipenda. Haimlazimishi mtu kudanganya. Pamoja na majina ya spishi kuna nafasi za ukoo, kwa mfano kunguru ambaye spishi yake haikutambuliwa, na kuna nafasi za "ama huyu ama yule" kwa ndege wawili wanaofanana mno. Ukiyatazama majina yetu ya jumla kwa jicho hilo, utaona kwamba kitwitwi na kunguru si makosa. Ni majina sahihi ya ngazi ya juu. Apu inayo rafu yao, ila ni rafu ambayo mtafiti huifikia mwisho kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye jina lake linakomea kwenye ukoo huishia kuwekwa huko hata kama macho yake yameona kila kitu: rangi ya shingo, urefu wa mkia, namna ya kuruka.

Sikubaliani na wanaosema kwamba huu ni uthibitisho kwamba Kiswahili hakifai sayansi. Kiingereza nacho hakikuzaliwa na majina ya ndege wa Kinangop. Kiliyatengeneza, tena mara nyingi mezani, mbali na ndege mwenyewe. Yule ndege wa manjano wa nyasi za Kinangop, Macronyx sharpei, ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya, Kiingereza kimempa jina la Richard Bowdler Sharpe, mtu aliyetunza ndege waliokaushwa katika jumba la makumbusho jijini London. Kwerea wa manjano na mweusi anayeishi katika kaunti ya Kilifi peke yake, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha, naye anabeba jina la Clarke, ingawa wapo wanaomwita wa Kilifi, na hilo ndilo ningelichagua mimi. Mnamo Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Amerika kilitangaza kwamba kitaondoa majina ya watu katika majina ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake. Kwa maneno mengine, hata wenye majina wanayafumua wayashone upya.

Wala jina la kisayansi si msumari usiong'oka. Mchukue yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Kwa miaka mingi jina lake la Kilatini lilikuwa Bubulcus ibis. Mwaka 2023 orodha inayotumiwa na eBird ilimtenganisha na ndugu yake wa Asia, na mwaka uliofuata ikamhamishia jenasi nyingine, akawa Ardea ibis. Rekodi za zamani zilibadilishwa na kompyuta zenyewe, na aliyewasilisha orodha yake mwaka 2015 huenda hata hakutambua. Mbuni naye amegawanywa: yupo wa kawaida mwenye shingo ya waridi, na yupo wa Kisomali wa kaskazini na mashariki mwa nchi, shingo na mapaja ya rangi ya bluu-kijivu. Muda wote huo, kwa mchungaji wa Kajiado, yangeyange amebaki yangeyange.

Basi jina la kisayansi lina kazi yake, nayo ni kuunganisha. Jina la kienyeji lina kazi nyingine, ambayo ni kumwezesha mwenye macho kushiriki. Afrika Kusini wameonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kukutana. Huko KwaZulu-Natal wataalamu wa lugha, akiwemo Adrian Koopman ambaye mwaka 2019 alichapisha kitabu kuhusu majina ya ndege katika Kizulu, waliketi katika warsha pamoja na waongoza watalii wa ndege ambao Kizulu ni lugha yao ya mama. Walichukua ukoo mmoja mmoja. Penye jina la kale walilithibitisha, penye jina moja la ndege wengi waliligawa kwa kuongeza sifa, na penye pengo walibuni. Zingatia walioitwa: si maprofesa peke yao, bali watu wanaowajua ndege hao kwa sauti, kwa kiota na kwa tabia.

Sisi tunaanzia wapi? Kiswahili kina njia nyepesi ya kugawa jina, nayo ni kuongeza sifa baada ya jina la ukoo: kunguru shingo-kijivu, kunguru kifua-cheupe, tumbusi mgongo-mweupe. Wikipedia ya Kiswahili ina makala mengi ya ndege yaliyoandikwa kwa mtindo huo, na majina yake yanastahili kujadiliwa hadharani kuliko kuachwa yakinyauka humo. Lakini kabla ya kubuni, tukusanye. Kamusi zetu nyingi, zinapofika kwa ndege, hutosheka kusema ni aina ya ndege mdogo, kisha zinaendelea na neno linalofuata. Msomaji anabaki na jina lisilo na mwenyewe. Watunzi hawakuwa wavivu. Hawakuwa na njia ya kujua ni ndege yupi hasa mzee wa Lamu au Vanga alikuwa akimtaja.

Njia hiyo sasa iko mfukoni. Katika eBird kila ndege unayemrekodi ana sehemu ndogo ya maelezo. Wengi huiacha tupu, au huandika hapo sifa za ndege adimu ili mkaguzi aridhike. Naam, wakaguzi wapo: ni watu wa kujitolea katika kila eneo, na ukiripoti ndege asiyetarajiwa mahali hapo watakuandikia kwa upole wakikuuliza ulimtambuaje. Sehemu hiyo hiyo inaweza kubeba jina. Ukiwa Gede, ukamrekodi Centropus superciliosus, andika kwamba hapa anaitwa dudumizi, au tipitipi, na kwamba husemekana akilia mvua iko karibu. Umefunga neno, ndege, mahali na tarehe kwa fundo moja. Mamia ya maelezo ya namna hiyo yangempa mtunzi wa kamusi kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwa nacho, yaani ramani ya majina. Tungejua shomoro anakuwa jurawa kuanzia wapi, na pugi wa Mombasa kama ndiye pugi wa Tanga.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, asianze na ndege adimu. Achukue kunguru. Pakua apu, ruhusu itumie mahali ulipo, na ukiwa bado kwenye mtandao pakua pia orodha ya ndege wa Kenya ili ifanye kazi bila bando. Simu hula chaji ikifuatilia njia, kwa hiyo toka nyumbani betri ikiwa imejaa. Darubini husaidia, ila kwa kunguru macho matupu yanatosha: tafuta kifua. Kama unasitasita, Merlin, apu nyingine ya Cornell, hubashiri jina kutokana na picha au sauti. Ichukue kama rafiki anayekunong'oneza, si shahidi. Anayeweka jina kwenye rekodi ni wewe, na kama hukumwona vizuri, ile nafasi ya "kunguru, spishi haikutambuliwa" ni ya heshima kabisa. Wanaopenda kujifunza pamoja na wengine wanaweza kwenda Makavazi ya Nairobi Jumatano asubuhi, ambapo matembezi ya ndege yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 yamewafundisha waongozaji wengi wa humu nchini.

Tahadhari moja. Rekodi ni tangazo. Apu ya eBird huficha mahali kamili pa spishi fulani zinazowindwa au kuuzwa, lakini haifichi kila kitu. Bundi katika nchi hii bado hupigwa mawe kwa kudhaniwa analeta kifo. Ukimpata ana makinda kwenye dari la shule au mti wa jirani, usiandike mti wala chumba katika maelezo, na picha ya kiota iache kwenye simu yako.

Na kuhusu jina utakaloliandika katika ile sehemu ya maelezo: liandike kama lilivyotamkwa, hata kama si la Kiswahili sanifu, hata kama ni la Kigiriama, Kipokomo au Kiturkana. Taja lugha. Taja kijiji au wadi, usitaje jina la aliyekuambia ila kwa ridhaa yake. Kama wawili wamekupa majina mawili ya ndege mmoja, yaandike yote, na kama jina moja limetajwa kwa ndege wawili, sema hivyo pia.